Nilimpa jongoo bahari jina la baba mkwe, ukoo ukaitisha kikao

Wakuu, kwema humu?

Mimi ni msomaji wa kimyakimya wa jukwaa hili kwa miaka mingi. Nacheka na nyuzi zenu, nalia nazo, kisha naondoka bila hata ku-like. Leo zamu yangu.

Haya ni yangu mwenyewe, si ya "rafiki yangu mmoja". Majina ya wakubwa nimeyaacha kwa sababu mtakayoielewa mbele ya safari, lakini chumvi sijaongeza hata punje.

Ni mrefu kidogo. Mwenye chai aisogeze karibu.

Mimi ni mwanamke, Mhehe wa Iringa, nimeolewa kwa Wanyakyusa na naishi Mbeya. Mtoto wetu wa kwanza anaitwa Tusekile, kwa hiyo mtaani mimi ni Mama Tuse.

Sasa kazi. Hapo ndipo watu hucheka.

Mimi ni mtaalamu wa wanyama kwenye makumbusho madogo ya chuo kimoja hapa Mbeya. Wanyama wangu ni wa baharini, tena wale wasio na uti wa mgongo: kaa, konokono, viti vya pweza (wale wa umbo la nyota), na zaidi ya wote majongoo bahari.

Ndiyo, Mbeya. Ndiyo, najua bahari haipo. Hilo swali nimeulizwa na kila mtu kuanzia bodaboda hadi mchungaji wangu.

Ilikuwa hivi. Zamani chuo kilikuwa na mwalimu ambaye kila likizo alikwenda pwani na ndoo tupu, akarudi na ndoo zimejaa. Alipostaafu aliacha chumba kizima cha chupa. Na baridi ya huku imezitunza vizuri, maana kwenye joto spiriti huruka haraka, na chupa ikikauka mnyama amekwisha.

Kwa hiyo msidhani nafanya maajabu. Nusu ya kazi yangu ni kupita rafu kwa rafu nikiongeza spiriti. Mlinzi wetu aliwahi kuniuliza, kwa upole kabisa, kama ile spiriti "haifai kwa matumizi mengine". Nikamweleza kilicholowekwa humo. Hajauliza tena.

Bahari yenyewe niliiona kwa mara ya kwanza nikiwa chuo kikuu. Mtoto wa Iringa mimi, maji mengi niliyowahi kuona ni ya Mto Ruaha kupitia dirisha la basi pale Ruaha Mbuyuni, tena huku nimebanwa na magunia ya vitunguu.

Tulipelekwa field pwani, maji yakiwa yamekupwa. Mwalimu akaniwekea jongoo bahari kiganjani. Mzito, wa baridi, ana umbo ambalo wakubwa humu mnalijua, sitaeleza. Nikashangaa, naye akashtuka, akanitapikia utumbo wake wote mkononi.

Wenzangu walikimbia. Mwalimu akasema kwa utulivu, "Mrudishe majini. Ataota utumbo mwingine."

Sijui niseme nini, wakuu. Wengine huokoka kwenye mkutano wa injili, mimi niliokokea pale kwenye matope.

Nyumbani Iringa hawakuelewa. Mama alisema, "Yaani umesoma kote huko uje kuangalia minyoo?" Baba aliona aibu kueleza, akawa anawaambia watu mimi ni daktari wa mifugo. Matokeo yake nikienda likizo naletewa ng'ombe mgonjwa.

Haya, tuingie kwenye ndoa.

Kwa Wanyakyusa wanaoshika mila, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Si ugomvi, ni heshima. Yeye akiingia huku, mimi natokea kule. Hatupeani mkono, hatuli meza moja, na jina lake silitamki mpaka naingia kaburini. Wenyewe wanaita ukutila.

Najua wengi wameacha. Nina shoga zangu wanakaa sebuleni na wakwe zao wanaangalia mpira. Kwetu hapana.

Wakwe zangu wanakaa mlimani juu ya Iyunga. Mzee ni mkulima wa viazi na mahindi, ni mzee wa kanisa, na kwenye mila hajawahi kulegeza kamba. Wiki yangu ya kwanza, wifi alinipa somo moja tu: "Ukiona ile kofia yake ya kahawia inakuja njiani, wewe ingia shambani." Nimeingia kwenye migomba ya watu mpaka wenye migomba wamenizoea.

Sasa sikilizeni huyu mtu ambaye sijawahi kumtazama usoni alinifanyia nini.

Tuse alipokuwa ndiyo kwanza ameacha kunyonya, nilipata nafasi ya masters pwani. Miaka miwili. Ukoo ukakaa. Shangazi wa mume wangu, dada mkubwa wa mzee, mwanamke wa kauli nzito, alisema mke haachi mtoto mchanga akaenda kucheza na minyoo ya maji chumvi. Watu wakaitikia. Mume wangu naye akawa anatazama viatu vyake.

Mzee alisikiliza, kisha akamwambia mama mkwe kwa sauti ya kawaida, nikisikia kutoka jikoni: "Mwambie mkamwana aende. Mtoto atakula hapahapa."

Basi. Kikao kikaisha.

Tuse alilelewa pale. Mzee alimbeba kwa baiskeli kwenda kliniki, akamfundisha kupanda viazi, akamsimamia homa zake zote. Niliporudi mwanangu alikuwa anajua Kinyakyusa kunishinda. Hata sasa anakaa kwao siku za shule, kwa kuwa shule iko karibu na yeye mwenyewe hataki kuhama.

Na mimi sikuweza kumwambia mzee asante. Nilimtuma mama mkwe, akarudi na jibu: "Anasema ndaga." Yaani asante, kwa Kinyakyusa. Imeisha hiyo. Asante ya miaka miwili nimejibiwa kwa neno moja kupitia mlango wa jikoni. Ilinikaa rohoni muda mrefu.

Tuje kwenye jongoo.

Kwenye zile chupa za zamani kulikuwa na mmoja ambaye hakuwa anaeleweka. Jongoo bahari hatambuliwi kwa sura, wote wanafanana na soksi iliyolowa. Unakata kipande kidogo cha ngozi, unakidondoshea dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, nyama inayeyuka, vinabaki vifupa vidogo kuliko vumbi. Ukiviweka chini ya hadubini unaona maumbo: vingine kama vifungo vya shati, vingine kama vimeza vyenye mguu mmoja. Kila spishi ina vyake.

Huyu wangu vimeza vyake havikuwa vya mtu yeyote.

Nilikagua vitabu, nikaandikiana na wataalamu wa nje, nikaenda tena pwani kutafuta wenzake nikawapata. Ilichukua miaka, katikati nimezaa mtoto wa pili. Mwishowe wote tukakubaliana kwamba ni spishi mpya. Hajawahi kuandikwa popote duniani.

Sasa kwenye fani yetu anayemwandika mnyama ndiye anayempa jina. Kuna mila zake pia. Si adabu kumpa mnyama jina lako mwenyewe, utachekwa mpaka ustaafu. Lakini unaweza kumpa jina la mtu unayemheshimu. Na jina likishachapishwa halifutiki. Si wewe, si chuo, si serikali, hakuna wa kulitoa.

Mnajua nilichofanya.

Niliandika jina la mzee. Nikaliweka kwenye umbo la Kilatini kama taratibu zinavyotaka, nikaandika sentensi moja chini yake: kwa heshima ya mtu aliyemlea mwanangu ili mimi nisome.

Kichwani nilikuwa nimejipa hoja nzuri sana. Nilijiambia kuandika si kutamka. Nilijiambia Kilatini si Kinyakyusa. Msomi akitaka kujidanganya, wakuu, hajidanganyi kama mtoto mdogo, anajiandalia na ushahidi.

Mume wangu ndiye aliyeisoma ile draft kwanza. Alicheka. Halafu akaacha kucheka. Akasema, "Mama Tuse, umemtaja mzee."

"Nimeandika tu."

"Umemtaja. Tena umemtaja kwa mdudu."

Hakuweza kukaa nalo, akamwambia mama yake. Mama yake akamwambia shangazi. Baada ya hapo hata treni ya TAZARA isingelifikisha neno mbali zaidi.

Shangazi alituma ujumbe kwamba mwanamke wa Kihehe amelitukana jina la ukoo, na mpaka jambo limalizike nisikanyage uwanja wa kwa mzee. Mwanangu yuko ndani ya ule uwanja. Jumamosi ile nilisimama barabarani chini, Tuse akashuka peke yake, akaniuliza, "Mama, umekosea nini?" Nikamfunga vifungo vya sweta, nikamwambia arudi kabla baridi haijaanza.

Na mhariri wa jarida alikuwa anasubiri neno langu la mwisho. Nikisema chapisha, jina limepita milele na huenda nyumba ile nimeipoteza. Nikisema ondoa, asante yangu haitamfikia yule mzee kamwe, maana njia nyingine ya kuisema sikuwa nayo. Nilimwomba mhariri avute subira. Sababu nilimwandikia "mambo ya kifamilia". Angeelewa nini?

Kikao kikapangwa. Kutoka Iringa akaja baba yangu mdogo kunisimamia, maana mke akishitakiwa lazima kwao wajue. Siku hiyo niliruhusiwa kupanda mlimani, lakini kwa mlango wa nyuma.

Wanaume na shangazi walikaa sebuleni. Mimi nilikaa jikoni kwenye kigoda. Katikati yetu ukuta wa matofali ambao haujafika hata kwenye dari, kwa hiyo kila neno linasikika. Na mama mkwe alisimama mlangoni kubeba maneno, kana kwamba sisi wengine wote ni viziwi.

Shangazi alianza. "Gwe, nimeishi, nimeona mengi. Sijaona mkamwana anamwita mkwe wake kwenye kitabu. Na si ng'ombe, si simba! Mnyoo!"

Baba mdogo wangu akajitutumua. "Jamani, kwetu mtoto akikosea tunamchapa. Lakini huyu ana digrii mbili, hatujui tuanzie wapi."

Mtu mmoja akacheka, shangazi akamkata jicho, nilijua kwa jinsi alivyonyamaza ghafla.

Kisha mzee akasema. "Muulizeni, huyo mnyama anafanya kazi gani?"

Mama mkwe akageuka kwangu. "Mama Tuse, baba anauliza, huyo mnyama anafanya kazi gani?"

Nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha. Kwa hilo swali sikuwa nimejiandaa. Nikajibu kama ninavyowajibu wanafunzi. Nikasema anakaa chini kwenye mchanga, anaula ule mchanga, anachukua uchafu uliomo, anautoa mchanga ukiwa safi. Anaugeuza siku nzima. Mahali walipovuliwa wote, chini panakuwa pagumu na pananuka, hata nyasi za baharini hazistawi.

Mama mkwe akabeba yote, akayafikisha hatua mbili.

"Anauma?"

"Haumi."

"Akikamatwa?"

"Anatoa utumbo wake anamwachia anayemkamata. Halafu anaota mwingine."

Kisha nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa karibu hivyo: mzee anacheka. Anacheka mpaka anatafuta leso.

"Huyo ni mkulima," akasema. "Analima, wanampora mpaka matumbo, mwaka unaofuata yumo tena shambani."

Shangazi hakucheka. "Kaka, jina lako!"

"Jina si langu, dada. Mimi nililikuta. Alikuwa nalo babu yetu, na kabla yake mwingine. Kama limetembea mpaka kwangu, acheni liende na baharini, mimi mwenyewe sijafika huko." Akajifuta macho kwa ile leso. "Lakini mila iko palepale. Mkamwana ameliandika, haya. Kulitaja, hapana. Asilitaje hata siku moja."

"Sasa huyo mnyama wake atamwitaje kazini?" shangazi akauliza.

"Hilo ni lake na Mungu wake."

Mama mkwe akanigeukia, akavuta pumzi ili anifikishie. Nikamwambia, "Mama, nimesikia." Nilikuwa tayari nalia kwenye khanga.

Jarida likatoka.

Na mimi nikaanza maisha ya mtaalamu pekee duniani asiyeweza kutamka jina la mnyama aliyemgundua mwenyewe. Mnacheka, lakini jaribuni. Kazini namwita "yule wa rafu ya dirishani". Kwenye mikutano ya mtandaoni mwenzangu, mama mmoja wa Kisafwa anayesimamia ndege waliokaushwa, ndiye alikuwa anakaa pembeni yangu. Nikifika kwenye jina nanyamaza, yeye anachomekea, naendelea. Wazungu walidhani ni tatizo la mtandao.

Ningeweza kudanganya, ndiyo. Mzee yuko Iyunga, angejuaje? Lakini nilikuwa nimesikia neno lake kwa masikio yangu, na mwanangu anakula mezani kwake.

Sasa ikaja siku ya wazi ya makumbusho. Shule zimealikwa, wakubwa wa chuo wapo, na mimi nimepewa kipindi nimweleze huyu mnyama. Mume wangu akasema wazee wanataka kuja.

Tukapanga kila kitu. Mama mkwe angekaa mbele. Mzee angekaa nyuma kabisa, upande wa pili wa kabati la nyoka, tusionane. Mwenzangu wa ndege alikuwa ameenda msibani Rujewa, kwa hiyo jina nililiweka kwenye projekta kwa herufi kubwa. Projekta itaje, mimi nioneshe kidole.

Wakuu, mnaijua nchi yetu. Nimefika nusu, umeme ukakatika.

Nikaendelea bila picha. Nikainua chupa, nikaeleza mchanga, nikaeleza vimeza na vifungo, watoto wakapiga kelele kwenye habari ya utumbo. Nikadhani nimevuka.

Msichana mmoja wa mbele akanyoosha mkono. "Madamu, anaitwa nani?"

Mtasema ningeliandika ubaoni. Ubao haukuwepo, na kichwa kilikuwa kimegoma. Nilisimama na chupa mkononi. Mkuu wa chuo akatabasamu, "Endelea mama, waambie." Watoto wakaanza kunong'onezana, mwalimu gani huyu hajui jina la mnyama wake. Nilimtazama mama mkwe, naye akatazama sakafu. Nikafikiri, litamke tu, liishe. Nikafungua mdomo kabisa.

Nyuma ya kabati la nyoka kiti kikasogea.

"Msimlazimishe," mzee akasema. "Mkamwana wangu hawezi kulitaja. Mimi nipo, nitalitaja mwenyewe."

Na akalitaja. Jina lake, la baba yake, la babu yake, polepole, kama anaandikisha ubatizo. Akasema yeye ni mkulima wa Iyunga, na huyo kwenye chupa ni mkulima mwenzake wa baharini. Akasema, "Na aliyetujulisha ni mama wa mjukuu wangu."

Mimi nilikuwa nimeshageuka, nimewapa watu wote mgongo, nimelitazama dirisha, kwa sababu alikuwa amesimama wazi na sikupaswa kumwona. Watoto wakapiga makofi. Sikuwahi kulia kazini kabla ya siku ile. Nilipogeuka alikuwa ameshatoka nje.

Sasa wakuu, nilichojifunza.

Nilidhani asante lazima uimalize kwa kitu kikubwa kisichofutika. Nikaenda kumnunulia mzee umilele bila kumuuliza, kidogo nimvunjie nyumba. Kama unataka kumheshimu mtu, muulize kwanza heshima kwake ni nini. Na wale mnaosema mila zote za zamani ni upuuzi, siwezi kubishana nanyi kwa zote. Ila hii moja ilinilinda siku ambayo usomi wangu wote haukunisaidia kitu.

Shangazi? Bado amenuna, ila juzi alimwagiza Tuse amletee picha ya "yule mdudu wa kaka".

Mimi na mzee hatujaonana mpaka leo. Akipita bado naingia kwenye migomba.

Karibuni mchangie. Walioolewa kwenye mila za kukwepa wakwe, mnaishi vipi? Na wale mnaojiandaa kuuliza kama jongoo bahari anaongeza nguvu, nawafahamu, jibu langu ni kwamba mimi naangalia vifupa tu.

Jina lenyewe mkitafuta mtandaoni mtalipata, si siri. Mkilipata, tafadhali msiniandikie hapa chini. Nasoma comments kwa sauti.